Ndugu zake bado wanatafutwa: je, tumchukue mtoto huyu tumlee?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, ninaishi Tabata pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa kiume mwenye miaka 10. Ninauza vitenge Kariakoo, na mume wangu ni dereva wa lori la mizigo itokayo bandarini kwenda Tunduma. Hatuna utajiri, lakini hatulali njaa, na kodi ya nyumba hatujawahi kuichelewesha. Baada ya kijana wetu kuzaliwa, mimba zangu mbili ziliharibika, na daktari akatushauri tusijaribu tena.

Kikundi chetu cha vikoba kina desturi ya kupeleka unga, mchele na sabuni katika makao ya watoto yaliyo upande wa Ubungo. Huko nilikutana na binti anayekadiriwa kuwa na miaka 6, ambaye alikutwa peke yake katika stendi ya mabasi ya Mbezi, akapelekwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha akafikishwa makaoni. Analijua jina lake na jina la mdogo wake, lakini hajui kwao ni mkoa gani. Kila nikienda hunifuata na kunishika nguo mpaka ninapoondoka, nami hurudi nyumbani nikiwa sina raha. Naona kama Mwenyezi Mungu amenirudishia niliyempoteza.

Afisa ustawi wa jamii niliyemkuta pale alinieleza kwamba tunaweza kuomba kumlea kwa utaratibu wa malezi ya kambo, lakini akanionya kwamba ndugu zake bado wanatafutwa, na wakipatikana huenda akarejea kwao. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mume wangu amesema yuko tayari kumpokea kwa sharti kwamba awe wetu moja kwa moja na atumie jina lake, vinginevyo tusianze. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa dini sana, anasema jambo hilo ni haramu katika Uislamu, na tena hatujui mtoto huyo ana damu ya nani. Kijana wangu hasemi lolote. Zaidi ya hapo, kuna mtu amenifuata dukani akisema kwamba nikimpa fedha atatutengenezea cheti cha kuzaliwa chenye majina yetu wawili, na mambo yataisha bila kuzungushwa ofisini.

Shangazi, nifanye nini? Na wakimchukua baada ya mwaka mmoja au miwili, mimi nitabaki na nini?

Mama wa Mtoto Mmoja, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutolitaja jina la binti huyo wala la makao anayoishi, na ninakuomba uendelee hivyo hivyo hata kwa marafiki zako wa vikoba, wakiwamo wale wanaopenda kupiga picha na watoto wa makaoni na kuzirusha mtandaoni kabla hata gunia la unga halijashushwa kwenye gari.

Nianze na huyo kishoka aliyekufuata dukani, kwa sababu suala lake halihitaji kujadiliwa sana. Mkatae, usimpe fedha, wala usimpe jina la mtoto. Cheti cha kuzaliwa kinachowataja ninyi kuwa wazazi waliomzaa ni cheti cha uongo, na kukitengeneza ni kosa la jinai kwake na kwenu pia. Ubaya wake hauishii mahakamani. Binti huyu ana jina, na ana mdogo wake anayemkumbuka. Siku karatasi hiyo itakapotoka, njia ya ndugu zake kumpata itakuwa imefungwa kwa mikono yenu. Nao wakimpata hata hivyo, ninyi mliomlea kwa mapenzi mtasimama mbele yao na mbele ya polisi kama watu waliomwiba mtoto. Mweleze afisa ustawi wa jamii kwamba kuna mtu anayetembeza huduma hiyo, kwa maana akikukosa wewe atamwendea mwingine.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, imeweka malezi ya kambo mbali na kuasili. Katika malezi ya kambo mnakabidhiwa kazi yote ya kila siku, yaani chakula, malazi, shule, matibabu na maadili, huku afisa ustawi wa jamii akiendelea kufuatilia hali ya mtoto, lakini nasaba yake na haki za wazazi wake haziondoki. Kuasili hufanywa kwa amri ya mahakama, na amri hiyo ikitolewa, uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa hukatika, na mwasili huchukua nafasi ya mzazi, urithi ukiwamo. Mume wako anataka matokeo ya kuasili kwa mtoto ambaye kwa sasa anaweza tu kupewa malezi ya kambo, kwa sababu hakuna mahakama yenye busara itakayoukata undugu wa mtoto ambaye ndugu zake bado wanatafutwa na huenda nao wanamtafuta.

Hata hivyo, sioni kama mume wako ana roho mbaya. Umeniandikia kwamba mimba zako mbili ziliharibika, nami nikajiuliza ni watu wangapi waliomwendea yeye na kumpa pole. Katika mji wetu mwanamke aliyepoteza mimba huzungukwa na mama zake na mashoga zake, lakini mwanaume huulizwa gharama za hospitali na kuachwa arudi kwenye usukani. Mtu wa namna hiyo anaposema kwamba mtoto awe wetu moja kwa moja au tusianze, mimi humsikia akisema kwamba hawezi kupoteza tena. Kwa hiyo usianze kwa kubishana naye kuhusu sheria. Akirudi kutoka safari na kupumzika, muulize swali moja tu, na usimsaidie kulijibu: kama afisa akipiga simu siku moja na kusema kwamba bibi yake mtoto amepatikana, atafanya nini? Akijibu kwamba itamuuma lakini atamsindikiza, mnaweza kwenda mbele. Akijibu kwamba hapo hatoki mtu, basi hamjawa tayari kwa mtoto huyu, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Nendeni mkaulize kuhusu kuasili mtoto ambaye ndugu zake walishatafutwa wakakosekana. Sheria inamtaka mwombaji awe na angalau miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, na wewe kwa umri wako hupungukiwi na kitu hapo.

Swali hilohilo linakuhusu na wewe, na hapa nitasema neno ambalo huenda likakuchoma. Binti huyu hukurudishiwa. Yule uliyempoteza ulimpoteza, na una haki ya kumlilia, lakini huyu ni mtoto wa mtu mwingine aliyepotea katika stendi yenye maelfu ya watu, na mahali fulani pengine kuna mama, shangazi au babu ambaye hajui alale vipi. Ukimpokea kama fidia ya Mungu kwako, kila habari njema kuhusu kwao itakuwa habari mbaya nyumbani kwako, na mtoto wa miaka 6 huyatambua mambo hayo usoni mwa mlezi wake hata kama hakuna aliyeyasema. Ataacha kumtaja mdogo wake mbele yako ili asikuudhi, na kile kidogo anachokikumbuka kitafutika.

Kwa mtazamo wangu, mlezi wa kambo anayefaa ndiye anayekuwa msaidizi wa kwanza wa kumtafutia mtoto kwao. Mtoto aliyetulia, aliyeshiba na kuoga, anayekaa na mtu anayemwamini, hukumbuka mambo ambayo hakuyakumbuka mbele ya askari mwenye kalamu. Atakwambia kwamba kwao wanapika ugali wa muhogo, au kwamba bibi alikuwa na ng'ombe, au ataimba wimbo wa kilugha ambao jirani yako atautambua mara moja kuwa ni wa Kisukuma au wa Kigogo. Yaandike hayo katika daftari pamoja na tarehe, kisha umpelekee afisa. Usiyapeleke kwenye makundi ya simu, kwa sababu huko tangazo la mtoto aliyepotea huwafikia pia watu wabaya wanaoweza kujifanya ndugu. Na usimhoji. Msikilize mnapokata mchicha au unapomsuka, naye akinyamaza nawe nyamaza.

Umeuliza utabaki na nini wakimchukua. Utabaki na uchungu, sitakuficha. Lakini kurejeshwa kwa mtoto hakupaswi kuwa tukio la asubuhi moja ambapo gari linakuja na kuondoka. Ndugu hutakiwa kuthibitishwa, na mazingira yao kuchunguzwa, kwa maana huenda mtoto aliondoka nyumbani kwa sababu ya kupigwa au kuteswa, na hapo kurudi kunaweza kusiwe kwa manufaa yake. Sheria imeweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza kuzingatiwa. Ninyi mtakuwa watu wanaomfahamu kuliko yeyote ofisini, hivyo msikae kimya: semeni anaogopa nini, analala vipi, amesema nini kuhusu kwao. Ombeni aanze kwa kuzungumza nao kwa simu na kutembelewa kabla ya kuhama, na akiondoka aondoke na picha zenu, nguo zake na daftari lake la shule. Familia nyingi za watu wa kawaida zikishatendewa hivyo huona kwamba zimepata ndugu Dar es Salaam, ingawa hilo ni hiari yao na hamwezi kulidai.

Kuhusu mama mkwe, kuna jambo moja analolisema kwa haki na jingine ambalo si la dini. Katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, Waislamu wameamrishwa kuwaita watoto wa kulea kwa majina ya baba zao, na hivyo kumbandika mtoto jina la mlezi kana kwamba ndiye aliyemzaa ni jambo lenye katazo. Kumlea, kumlisha na kumsomesha mtoto asiye na wa kumtunza si haramu. Uislamu unakuhimiza sana. Ukitazama vizuri utaona kwamba malezi ya kambo, ambayo humwachia mtoto jina na nasaba yake, yanaendana na msimamo wa mama mkwe kuliko sharti la mume wako. Mwambie hivyo kwa adabu, mama na mwana wakiwa wamekaa pamoja, kisha uwaachie wao wazungumze. Mtoto wa kulea harithi katika mirathi ya Kiislamu, lakini mlezi anaweza kumwachia kitu kwa wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Kuhusu stara kati ya binti na kijana wako watakapokuwa wakubwa, mwendeeni sheikh mnayemwamini mapema, maana binti wa miaka 6 hawezi tena kuwa mtoto wenu wa kunyonya, ambaye katika Uislamu huhesabiwa kuwa ndugu wa watoto wa aliyemnyonyesha. Ama hiyo hoja ya damu isiyojulikana, iacheni ipite. Hakuna aliyechunguza damu ya wakwe zake kabla ya ndoa, na watu wanaishi.

Kijana wako anayenyamaza ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Amekuwa peke yake kwa miaka 10, amewaona mkisubiri watoto wawili ambao hawakufika, na sasa anasikia kwamba kuna mtoto anayeweza kuletwa na kisha kuondolewa. Watoto wa umri wake hujiuliza swali ambalo hawalitamki: kama huyu anaweza kurudishwa, je, na mimi nikikosea nitapelekwa wapi? Mwambie waziwazi kwamba yeye haendi popote, na umweleze kwa nini binti huenda akaondoka, kwamba ana kwao na kwamba kuondoka kwake hakutakuwa adhabu ya mtu yeyote. Usimnyang'anye kitanda chake ili kumpa mgeni. Afisa anaweza kutaka kuzungumza naye, basi usimfundishe majibu. Akisema hataki, ahirisheni.

Sasa kuhusu maisha yenyewe ndani ya nyumba. Kushikwa nguo makaoni kumekugusa, lakini elewa kwamba watoto wengi waliokaa mahali ambapo walezi hubadilishana zamu humshika nguo kila mgeni mwenye uso mwema, na ukimchukua huenda ukakutana na mtoto tofauti kabisa. Anaweza kuficha vipande vya mkate chini ya mto, kwa sababu aliwahi kulala na njaa na hana uhakika wa kesho. Anaweza kukojoa kitandani, kusema uongo kwa jambo lisilo na maana, au kuvunja kitu mbele yako makusudi ili aone kama utamrudisha. Wiki za mwanzo mara nyingi huwa shwari, na vurugu huja baadaye, anapoanza kuamini kwamba amefika. Hapo ndipo walezi wengi hukata tamaa na kusema kwamba mtoto hana shukrani. Mtoto hana deni la shukrani kwenu. Mkate uliofichwa usiupigie kelele. Mwekee kikapu chenye matunda au mandazi anachoweza kukifikia wakati wowote, na baada ya muda ataacha mwenyewe. Fimbo iwekeni mbali kabisa, hata kama ninyi mlilelewa nayo, kwa sababu hamjui amepigwa na nani, kwa kitu gani, na mara ngapi.

Majirani watasema kwamba mmeleta msichana wa kazi. Wasipate ushahidi. Kazi atakazofanya zisizidi zile anazofanya kijana wako, na muda wa kusoma na wa kucheza uwe sawa. Amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza, na ingawa shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, sare, madaftari na michango ya chakula vitawahusu ninyi, hivyo msiingie katika jambo hili mkitegemea posho ya mtu. Suala la cheti chake cha kuzaliwa mwachieni afisa alifuatilie RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa njia iliyo wazi.

Upande wa ofisi, jambo linalowachanganya wengi ni wapi pa kuanzia. Tabata iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021, ilhali mtoto alikutwa Mbezi na anaishi upande wa Ubungo, ambako kuna manispaa nyingine. Maombi yenu kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii yapitisheni kwa afisa wa halmashauri mnayoishi, na mumtajie ni ofisi gani inayoshughulikia faili la mtoto ili wawasiliane. Nendeni na vitambulisho vyenu, cheti cha ndoa na barua ya serikali ya mtaa, na karatasi nyingine mtaambiwa hapohapo. Afisa atakuja nyumbani. Usipake rangi ukuta kwa ajili yake, wala usiazime kochi. Anachotafuta ni mahali pa mtoto kulala, kipato halali, afya ya walezi na watu wanaoelewana, na nyumba ya kupanga si kikwazo mradi mwenye nyumba anajua kinachoendelea. Na kama kabla ya hapo utaona au kusikia kwamba binti huyo au mtoto mwingine yeyote makaoni anatendewa vibaya, piga 116, Simu ya Mtoto, ambayo haitozwi fedha.

Endelea kumtembelea, lakini usimwambie kwamba utamchukua, hata kwa utani, hata akikuuliza mwenyewe. Mwambie utakuja lini tena, kisha uende siku hiyohiyo.

Kuna swali moja ambalo hukulitaja kabisa katika barua yako, nami nina hakika afisa atakuuliza mapema. Mume wako huwa njiani kwenda Tunduma, nawe uko Kariakoo mpaka jioni. Mtoto wa miaka 6 anapotoka shule mchana, nani atamfungulia mlango? Jibu la kwamba kaka yake yupo halitoshi, kwa sababu naye ni mtoto. Kama ni mama mkwe, basi mazungumzo yenu naye ni ya lazima zaidi ya nilivyosema. Kama ni wewe, panga ni nani atakayekaa dukani saa hizo na umlipe nini, na uliandike hilo katika hesabu zako kabla hujaandika barua ya maombi.

Shangazi